Kabla Hujatafsiri "Must" kwa "Lazima"

Chukua sentensi mbili fupi za Kiingereza ambazo mgonjwa anaweza kukutana nazo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa. Ya kwanza: "You must not take this medicine with milk." Ya pili: "You do not have to take this medicine with milk." Msomaji aliyefundishwa kwamba "must" ni lazima, na kwamba "have to" nayo ni lazima, ataweka "si" mbele ya zote mbili na kupata jibu moja: si lazima unywe dawa hii na maziwa. Sentensi ya pili kweli inasema hivyo. Ya kwanza inakataza. Inasema usinywe dawa hii na maziwa, na zipo dawa za namna hiyo, kama antibiotiki ya tetrasaiklini, ambayo kalisiamu ya maziwa huizuia isifyonzwe vizuri mwilini. Kosa la sarufi hapo limemnyima mgonjwa tiba yake.

Wengi wetu tulifundishwa vitenzi visaidizi vya Kiingereza kwa orodha ubaoni. "Can" ni kuweza. "May" nayo ni kuweza. "Must" ni lazima, "should" ni kupaswa, "will" ni -ta-, "would" ni -nge-. Orodha hiyo hukaririka upesi na humvusha mtu katika maswali ya kujaza nafasi. Shida huja baadaye, anapoandika barua kwa mkuu wake wa kazi, anapokaa mbele ya jopo la usaili, au anapoletewa mkataba wa pango asaini. Hapo neno moja kati ya hayo linaweza kumfanya aonekane mkorofi bila kukusudia, au likamfunga kwa jambo alilodhani ni la hiari. Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo: anayajua maneno yote haya, ameyatumia kwa miaka, lakini bado anayabahatisha.

Kanuni za umbo ni chache, tuzimalize. Vitenzi hivi havibadiliki kwa nafsi: husemwa "she can", wala hakuna "she cans". Kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: "you must go", si "you must to go", ni "ought" tu linalodai "to" baada yake. Na viwili havisimami pamoja, kwa hiyo "I will can" haipo. Husemwa "I will be able to". Kwa umbo ni hayo tu. Ugumu uko kwenye maana.

Ukitaka kuzielewa maana hizo, jiulize swali moja kabla ya kutafsiri chochote: je, msemaji anatawala tendo au anapima ukweli? Kutawala tendo ni kuruhusu, kukataza, kulazimisha au kushauri. Kupima ukweli ni kukadiria kama jambo fulani liko hivyo au haliko. Karibu kila kitenzi katika kundi hili hufanya kazi zote mbili, na orodha ya ubaoni ilitufundisha moja tu. "You must be home by six" inatawala: uwe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. "You must be tired" haimlazimishi mtu achoke. Inapima: nikikutazama ulivyo, bila shaka umechoka.

Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili nacho hutumia "lazima" kwa kazi zote mbili. Tunasema "lazima ulipe kodi", na tunasema pia "lazima atakuwa amefika sasa hivi", na hakuna anayechanganyikiwa. Kinachotupoteza ni ukanushi. Ukiona taa zinawaka na redio inasikika, utasema "He must be at home". Ukiona kufuli mlangoni na magazeti ya siku tatu kizingitini, utasema "He can't be at home": haiwezekani awe nyumbani. Kinyume cha "must" ya kupima ukweli ni "can't". Wamarekani husema pia "he must not be home" kwa maana ya "bila shaka hayupo", lakini mwanafunzi anayeandika Kiingereza cha Uingereza, ndicho kinachofundishwa katika shule zetu, ashike "can't" na hatakosea.

Ukanushi wa upande wa kutawala tendo ndio ule wa dawa na maziwa. Shika hivi: "must not" na "mustn't" ni usi-. "You mustn't tell her" ni "usimwambie". "Don't have to" na "needn't" ni "si lazima", au "huna haja ya". "You don't have to tell her" ni "si lazima umwambie". Kwa Kiswahili tofauti hii tunaitamka vizuri sana, kwani "si lazima uje" na "lazima usije" haziwezi kufanana masikioni mwa mtu yeyote. Basi usikanushe Kiingereza neno kwa neno. Jiulize kwanza kama unakataza au unamwondolea mtu mzigo, kisha chagua.

Katika hali ya kuyakinisha, "must" na "have to" hukaribiana sana, ila chanzo cha ulazima hutofautiana. Anayesema "must" kwa kawaida ndiye anayelazimisha, au analikubali lazimisho hilo kama lake mwenyewe. Anayesema "have to" anaripoti lazimisho lililotoka kwingine: sheria, ratiba, bosi. "I must stop smoking" ni mtu aliyeamua moyoni. "I have to stop smoking" huenda ni daktari aliyemwambia. Katika mazungumzo ya kila siku "have to" ndiyo inayosikika zaidi, hasa Marekani. Zaidi ya hayo, "must" ya kulazimisha haina wakati uliopita. Jana huwa "had to": "He had to sleep in Dodoma", alilazimika kulala Dodoma.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu wameona "must have" na kudhani ndiyo hali iliyopita ya lazima. Tumfuate msafiri huyo huyo. Alitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, amechelewa, na simu yake haipatikani. Nyumbani wanakadiria. Mmoja anasema "He must have missed the bus": bila shaka ameachwa na basi. Mwingine hana uhakika, anasema "He might have missed the bus": huenda ameachwa. Wa tatu anayeijua vizuri safari hiyo anasema "He can't have missed it", haiwezekani, kwa kuwa alifika stendi mapema. Wote watatu wanapima ukweli wa jambo lililopita. Mama yake anasema "He should have taken the early bus", alipaswa kupanda la alfajiri, na hapo tunajua kwamba hakupanda. "Should have" karibu kila mara hubeba habari hiyo ya pili bila kuitaja: jambo lililopaswa halikufanyika. Dada yake anasema "He could have called". Kwa orodha ya ubaoni hiyo ni "angeweza kupiga simu", maelezo tu kuhusu uwezo. Masikioni mwa Mwingereza hilo ni lalamiko, sawasawa na sisi tunaposema "si angepiga simu!" Ukiambiwa na mwenzako kazini "You could have told me", usijibu "Yes, I could". Ameudhika. Mwombe radhi.

Katika maumbo hayo yote, "have" haigeuki kamwe. Hakuna "he must has" wala "he should had", hata kama mtendaji ni mmoja, hata kama jambo lilipita zamani.

Kuhusu "would" nina maneno mengi zaidi, maana hapa Kiswahili chenyewe ndicho kinachotutega. Sisi tunaposhurutisha tunaweka alama pande zote mbili za sentensi: "Ningalijua, ningalikuja." -Ngali- huku, -ngali- kule. Ni mpangilio mzuri, wenye mizani. Mwanafunzi anauhamisha mzimamzima na kuandika "If I would have known, I would have come". Katika Kiingereza sanifu upande wa "if" haupokei "would". Hupokea hali iliyopita: "If I had known, I would have come." Na kwa -nge- ya sasa: "If I had money, I would buy a plot", ningekuwa na pesa ningenunua kiwanja. "Had" hapo haizungumzii jana. Inazungumzia hali isiyokuwepo leo. Ukitaka kujisahihisha upesi, funika upande wenye "if" kwa kidole na uangalie kama "would" imejificha chini yake. Ikiwa imo, itoe, isipokuwa pale inapobeba maana ya hiari, kama katika "if you would wait here", yaani tafadhali subiri hapa.

"Would" ina kazi nyingine ambayo huwapoteza wanafunzi katika maswali ya ufahamu, nayo haina uhusiano wowote na -nge-. Ukisoma "Every evening my grandfather would sit under the mango tree and tell us stories", ukaitafsiri "babu angekaa chini ya mwembe", utadhani babu hakukaa. Alikaa, tena kila jioni. "Would" hiyo ni ya mazoea yaliyopita: babu alikuwa akikaa chini ya mwembe akitusimulia hadithi. Alama yake ni maneno ya kurudiarudia kama "every evening", "often", "on Sundays", pamoja na simulizi ambayo tayari imo katika wakati uliopita. Mwalimu anayefundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tatu na cha nne atawasaidia sana vijana wake akiliweka hili wazi mapema, kwa sababu riwaya zimejaa umbo hilo.

"Could" nayo ina shimo lake. "Niliweza kufaulu mtihani" tunaigeuza kuwa "I could pass the exam". Kwa Kiingereza, "could" ya wakati uliopita hutaja uwezo wa jumla: "When I was young I could swim across the river", nilikuwa na uwezo huo, siku yoyote. Ukitaja tukio moja lililofanikiwa mara moja, tumia "was able to" au "managed to": "I was able to pass the exam." Katika ukanushi tofauti hiyo inatoweka, na "I couldn't pass the exam" ni sahihi kabisa. Na kwa kuwa tumegusa uwezo: "I can be able to", inayosikika sana Kenya, Tanzania na Uganda, inasema uwezo mara mbili. Chagua moja. Katika usaili, "I can manage a team of ten people" ina nguvu kuliko "I can be able to manage", kwa sababu ya pili inamfanya msemaji aonekane anasitasita kuhusu uwezo wake mwenyewe.

Sasa adabu. Hapa ndipo ninapoona watu wetu wakidhulumiwa zaidi na orodha ile, kwa sababu Mswahili ana heshima nyingi katika lugha yake, na Kiingereza alichofundishwa kinamvua heshima hiyo. Fikiria mfanyakazi mdogo anayemwendea mkuu wake. Kwa Kiswahili atasema: "Shikamoo mzee. Nilikuwa naomba nikuone kidogo." Anaomba sasa hivi, lakini ameweka -li-. Kwa nini? Kwa sababu ombi lililosogezwa nyuma kwenye wakati uliopita halimkabi anayeombwa. Linamwachia nafasi ya kusema hapana bila aibu kwa yeyote. Hicho hasa ndicho "could" na "would" hufanya. Kwa umbo, "could" ni "can" iliyosogezwa nyuma, na "would" ni "will" iliyosogezwa nyuma. "Can you send me the report?" humfaa mwenzako wa meza ya jirani. "Could you send me the report?" humfaa mkubwa wako au mtu usiyemfahamu. "Would you be able to send me the report by Friday?" ni laini zaidi, nayo hufaa unapojua kwamba ombi lako litamtaabisha. Ukiielewa -li- ya "nilikuwa naomba", umeshaielewa "could" ya adabu, na hakuna haja ya kuikariri.

Kosa linalotokea mara nyingi ni la umbo letu la -e. Kwa Kiswahili "unitumie ripoti kesho" au "uje saa nne" ni maneno ya kawaida, yenye upole wa kutosha kati ya watu wanaofahamiana. Mwandishi anayageuza kuwa "You should send me the report tomorrow" au "You come at ten". La kwanza linasikika kama mtu anayemkumbusha mwenzake wajibu alioupuuza. La pili linasikika kama amri kwa mtoto. Upole wote uliokuwa katika -e umebaki Kiswahilini. Andika "Could you send me the report tomorrow?" na "Would ten o'clock suit you?" Vivyo hivyo, "I want an appointment" iwe "I would like an appointment". Na barua ya maombi isimalizike kwa "You must reply before Friday", hata kama kweli unahitaji jibu kabla ya Ijumaa. "I would be grateful if you could reply before Friday" inasema jambo lile lile na kumwachia msomaji hadhi yake.

Ukiombwa kwa "could", usijibu kwa "could". "Could I use your phone?" hujibiwa "Yes, of course you can". Umbo lililosogezwa nyuma ni la anayeomba. Anayetoa ruhusa huitoa waziwazi.

Upole huo una upande wa pili ambao mfanyakazi wa shirika la kimataifa anapaswa kuujua. Msimamizi Mwingereza akikuandikia "You might want to look at page four again", hakupi mawazo ya kupitisha muda. Ukurasa wa nne una kosa, naye anataka ulirekebishe. Kwa upande mwingine, "You had better", ambayo wengi wetu tunaichukulia kama "ni bora" au "afadhali", haina upole huo hata kidogo. Ndani yake mna onyo: fanya hivyo, la sivyo yatakukuta. Mwambie rafiki "You should see a doctor" ukimshauri. "You'd better see a doctor" mwambie pale unapoona hali imeharibika. Usimwambie bosi wako kamwe "You had better increase my salary".

"Ought to" ni ndugu wa "should" na hupungua katika matumizi mwaka hadi mwaka. Itambue unapoisoma. Kuiandika si lazima. "Shall" katika mazungumzo imebaki na kazi moja tamu, nayo inalingana na Kiswahili barabara: "Shall I open the window?" ni "nifungue dirisha?", na "Shall we go?" ni "twende?" Kanuni ya zamani ya shuleni kwamba "I" na "we" huchukua "shall" na wengine huchukua "will" ilianza kuandikwa katika vitabu vya sarufi karne ya 17, kikiwemo cha John Wallis cha mwaka 1653. Ukisema "I will" leo hakuna mtu makini atakayekusahihisha.

Lakini ondoka kwenye mazungumzo uingie kwenye mikataba na sheria, na "shall" inageuka kuwa neno zito kuliko yote. Hapa naomba msomaji asome polepole, kwa maana hapa ndipo pesa na haki zinapopotelea. Mkataba wa nyumba ukisema "The tenant shall paint the house before leaving", macho yetu yanaona -ta-: mpangaji atapaka rangi. Inaonekana kama utabiri wa mambo yajayo. Si utabiri. Ni wajibu, na asiyeutimiza amevunja mkataba. Mkataba huo huo ukisema "The landlord may increase the rent after six months", tunasoma "huenda mwenye nyumba akapandisha kodi" na kujifariji kwamba huenda asipandishe. "May" hapo haipimi ukweli. Inatawala tendo: inampa mwenye nyumba haki ya kupandisha kodi, wakati wowote baada ya miezi sita, bila kukuomba ruhusa. Umeshamkubalia kwa saini yako.

Sheria ya Tanzania imeliweka jambo hili kwa maandishi. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba "may" katika sheria inapotoa mamlaka, mamlaka hayo yanaweza kutumika au kutotumika kwa hiari ya aliyepewa, na "shall" inapokabidhi jukumu, jukumu hilo ni la kutekelezwa. Katiba ya Tanzania ya 1977 kwa Kiswahili nayo hutumia -ta- katika ibara nyingi mahali ambapo Kiingereza kingeweka "shall", kwa hiyo -ta- ya kisheria na yenyewe si ya utabiri.

Hata hivyo majaji wenyewe wamebishana juu ya uzito wa neno hili. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 81(b), inataka wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa, na neno lililotumika kwa Kiingereza ni "shall". Mwezi Desemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kenya iliulizwa kama kanuni hiyo ilikuwa ya kutekelezwa mara moja katika uchaguzi wa Machi 2013. Majaji wengi walisema hapana, itekelezwe hatua kwa hatua, na wakaeleza kwamba "shall" si kila mahali amri ya papo hapo. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao na akaandika maoni yake tofauti. Nchi nzima, wanawake na wanaume, ilisubiri tafsiri iliyohusu kwa sehemu kitenzi kisaidizi kimoja.

Utata wa aina hiyo ndio uliowafanya waandishi wengi wa sheria kuanza kuliacha neno hilo. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 huweka "must" mahali ambapo za zamani zingeweka "shall". Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007, na "shall" ikaondolewa. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kimeweka mgawanyo ambao ningependa kila mwandishi wa maelekezo auige: palipoandikwa MUST kwa herufi kubwa ni sheria, na kuivunja ni kosa la jinai, palipoandikwa "should" ni ushauri, ambao kuupuuza hakukufikishi mahakamani peke yake, ingawa unaweza kutumika dhidi yako kesi ikiwepo. Wataalamu wa intaneti walifanya vivyo hivyo. Waraka wao wa Machi 1997 uitwao RFC 2119 unaeleza kwamba MUST ni sharti lisilo na mjadala, SHOULD inaweza kuachwa kwa sababu nzito iliyofikiriwa vizuri, na MAY ni hiari tupu. Kijana anayesomea kompyuta Dodoma au Nairobi atakutana na maneno hayo katika nyaraka za kazi yake, na akiyasoma yote kama "lazima" au yote kama "inaweza", mfumo anaoujenga hautaelewana na mingine.

Limebaki sikio. Mtu anaweza kuyajua haya yote kwenye karatasi na bado apotee kwenye simu, kwa sababu "can" na "can't" hukaribiana sana kwa sauti, hasa kwa Wamarekani ambao "t" ya mwisho huwa haisikiki. Usiitafute hiyo "t". Sikiliza mkazo. Katika "I can come on Monday", "can" humezwa, karibu irabu yake isisikike, na mkazo unaangukia "come". Katika "I can't come on Monday", "can't" yenyewe hutamkwa kwa nguvu na irabu kamili. Sisi tuliozoea kutamka kila silabi wazi huipa "can" uzito kamili, na msikilizaji wa upande wa pili anadhani tumekataa. Unapokubali jambo kwa simu, meza "can" au ongeza "yes" mbele yake. Unapokataa, sema "cannot", neno zima.

Kwa mazoezi, usirudi kwenye kitabu cha kujaza nafasi. Chukua karatasi ya Kiingereza inayokuhusu kweli: mkataba wa ajira, masharti ya mkopo wa simu, barua ya udahili, maelekezo ya dawa ya mtoto. Pigia mstari kila "shall", "must", "may", "should" na "can". Kisha andika kila sentensi upya kwa Kiswahili kamili, ukiwa umejibu lile swali la kutawala au kupima, bila kutumia neno "weza" wala "lazima" mpaka pale ambapo hakuna neno jingine linalotosha. Utajikuta ukiandika "anaruhusiwa", "ana haki ya", "huenda", "usithubutu", "si lazima", "anawajibika", "bila shaka". Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila ngazi ya jambo hili.

Na kama mkataba ulio mezani kwako hujausaini bado, anza na huo. Sentensi ambayo huwezi kuiandika upya kwa Kiswahili ukajua nani analazimika na nani ana hiari, iwekee alama, umuulize mwanasheria au mtu unayeamini Kiingereza chake. Saini baada ya kupata jibu.